Shajara ya mradi: kutathmini uharibifu na mahitaji visiwani baada ya kimbunga

Mradi huu unatengeneza zana ya tathmini kwa Kiswahili: fomu ya simu, kadi za picha na mwongozo mfupi. Vyote ni kwa ajili ya wenyeji wa kisiwa, wavitumie siku za mwanzo baada ya kimbunga, kabla wataalamu wa nje hawajafika. Mifano tumeichukua visiwa vya Karibi kwa sababu kumbukumbu za huko ni nyingi na ziko wazi: Grenada 2004, Barbuda na Dominica 2017, Bahama 2019, Carriacou 2024. Naandika kila hatua inapokamilika ili anayetaka kuiga aone njia tuliyopita. Palipokwenda sawa napita haraka.

11 Januari 2025: Maneno matatu kwanza

Kabla ya kuandika swali lolote tulisoma tathmini ya Dominica. Kimbunga Maria kilipiga kisiwa hicho usiku wa tarehe 18 Septemba 2017 kikiwa cha daraja la 5. Ripoti iliyofuata ilitaja uharibifu wa dola za Marekani milioni 931 na hasara ya milioni 382. Kwa pamoja ni asilimia 226 ya pato la taifa la mwaka 2016. Mahitaji ya kujijenga upya yalikadiriwa kuwa dola bilioni 1.37.

Jedwali letu la kwanza liliziweka namba zote tatu kwenye safu moja, na jumla chini yake. Jumla hiyo haina maana. Mchukue mvuvi mmoja. Boti iliyovunjika ni uharibifu. Samaki ambao hatawavua kwa miezi kadhaa ni hasara. Boti mpya, injini na mtaji wa kuanzia ni mahitaji. Ukijumlisha la kwanza na la tatu, boti ile ile umeilipia mara mbili. Na mahitaji hayalingani na uharibifu ukiongeza hasara, kwa sababu ndani yake kuna gharama ya kujenga imara kuliko ilivyokuwa, na si kila hasara inayolipwa.

Tumetenganisha karatasi tatu na hazigusani. Utaratibu wenyewe si mpya: tume ya Umoja wa Mataifa ya uchumi wa Amerika ya Kusini na Karibi ilianza kuujenga miaka ya 1970, na mwaka 2008 Umoja wa Ulaya, Umoja wa Mataifa na Benki ya Dunia walikubaliana kufanya tathmini za aina hii kwa pamoja. Sisi hatushindani nao. Tunataka wakifika wakute taarifa za nyumba kwa nyumba, zilizokusanywa na watu wanaojua kila njia ya kijiji.

2 Februari 2025: Picha za angani zinaona paa tu

Tulipakua hifadhi ya wazi ya picha za setilaiti iitwayo xBD, ambayo ina picha za Haiti kabla na baada ya Kimbunga Matthew cha Oktoba 2016. Lengo lilikuwa kuona kama wakaguzi wanaweza kuipa nyumba daraja la uharibifu wakiwa wamekaa mezani.

Hawawezi, angalau si kwa nyumba moja moja. Matatizo matatu yalijirudia. Turubai la bluu likishafunika paa, huwezi kujua chini yake pana tundu la bati moja au hakuna kenchi (mbao kubwa zinazobeba paa) kabisa. Miti ikishapukutishwa majani, nyumba zilizokuwa zimefichwa na matawi zinajitokeza, na mkaguzi anadhani ni vifusi vipya. La tatu ndilo baya zaidi: nyumba ambayo bahari imeingia hadi madirishani, ikachukua vyakula, magodoro na mashine ya kushonea, ikabaki na paa zima. Kutoka juu inaonekana salama.

Hili la maji ndilo linalonifanya nisiamini daraja la kimbunga kama kipimo cha mahitaji. Kipimo cha Saffir-Simpson kinapima kasi ya upepo peke yake. Kimbunga Dorian kilipoingia visiwa vya Abaco huko Bahama tarehe 1 Septemba 2019 kilikuwa na upepo wa kilomita 295 kwa saa, lakini kilichoitesa Grand Bahama ni kwamba dhoruba ilikaa juu ya kisiwa zaidi ya siku nzima huku bahari ikipanda nchi kavu.

Uamuzi: picha za angani tunazitumia kugawa maeneo, kupanga njia na kuhesabu majengo yaliyokuwepo kabla. Hakuna nyumba inayopewa daraja la uharibifu kutoka angani. Makadirio ya haraka ya mbali yana kazi yake. Benki ya Dunia ilikadiria uharibifu wa Grenada baada ya Kimbunga Beryl cha Julai 2024 kuwa dola milioni 218, na serikali inahitaji namba ya namna hiyo mapema. Ila haikuonyeshi ni kaya gani inalala nje.

23 Februari 2025: Jaribio la bahasha

Nyumba zilizobomoka za kufanyia mazoezi hatukuwa nazo, na kwenda kuwasumbua watu waliopatwa na maafa ili tu tujaribu fomu haikubaliki. Tukabuni bahasha. Kila mlango wa mtaa uliotupa ruhusa uliwekewa bahasha yenye picha ya nyumba iliyoharibika na karatasi inayoeleza kaya: wako wangapi, nani mgonjwa, nani anafanya kazi gani, nyumba ni ya nani. Mkazi anaisoma kimya, kisha anajibu kana kwamba ndiyo kaya yake. Mkaguzi haioni karatasi. Jibu sahihi tunalo tayari, kwa hiyo baada ya zoezi tunalinganisha na kuona fomu imepoteza nini.

Anayetaka kuiga aziandike bahasha zake akiwa na fundi wa nyumba, mhudumu wa afya na mvuvi mezani. Za kwanza ziliandikwa bila wao na zilikuwa nyepesi mno, kila kaya ikiwa na shida moja tu.

Matokeo ya fomu ya kwanza yalikuwa mabaya. Ilikuwa na maswali karibu 70 na mahojiano yalivuka dakika 40. Ilipofika mchana wakaguzi walikwisha kugundua kwamba ukijibu "ndiyo" kwenye swali la mgonjwa, fomu inafungua maswali mengine sita. Majibu ya "hapana" yakaanza kuongezeka kadiri jua lilivyopanda. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Watu walikuwa wamechoka, na fomu ilikuwa inawaadhibu kwa kusema kweli.

Tulichofanya: kila swali liliulizwa swali. Nani atafanya nini tofauti ndani ya wiki mbili akijua jibu hili? Swali lililokosa mtu wa kulitumia liliondolewa, hata yale tuliyoyapenda sana. Urefu wa fomu ukawa sawa kwa kila kaya, "ndiyo" au "hapana". Mahojiano yakashuka hadi kama dakika 15.

Upande wa simu mambo yalikuwa rahisi. Tunatumia KoboToolbox, programu ya kukusanya taarifa kwa simu, ambayo inafanya kazi bila mtandao na kutuma baadaye. Kikwazo kilikuwa picha nzito zinazoziba foleni ya kutuma. Tukaweka kikomo cha ukubwa ndani ya fomu yenyewe na tatizo likaisha.

16 Machi 2025: Rangi, na kile paa linachoacha nyuma

Tulikuwa tunauliza "nyumba imeharibika kwa asilimia ngapi?" Wakaguzi wawili mbele ya picha moja walitoa 30 na 70. Fundi wetu, baba mtu mzima aliyejenga nyumba maisha yake yote, akauliza kwa utulivu: "Asilimia ya nini, wanangu? Ya bati, ya mbao au ya pesa?" Swali lile likaliondoa swali letu.

Tumefuata njia iliyotumika Dominica, ya rangi nne: kijani, njano, chungwa na nyekundu. Lakini rangi haichaguliwi na mkaguzi. Anajibu mambo anayoyaona kwa macho (je, kenchi zimesimama? ukuta umepasuka hadi msingi? maji yalifika wapi ukutani?) na fomu inatoa rangi. Tofauti kati ya wakaguzi ikapungua sana.

Kisha fundi akatuongezea jambo ambalo sasa naliona kuwa moyo wa fomu yote. Alichukua picha tatu za nyumba zisizo na paa, ambazo sisi tuliziita nyekundu zote, akatuonyesha kwamba ni ajali tatu tofauti.

Ya kwanza, papi (mbao nyembamba zinazopigiliwa bati) na kenchi ziko mahali pake, na misumari bado imesimama juu ya mbao ikiwa na vipande vya bati shingoni. Bati lilichanika kuzunguka msumari: ni jembamba mno, au misumari ilikuwa michache pembezoni, mahali ambapo upepo hunyanyua kwa nguvu zaidi. Ya pili, kenchi zipo lakini bati zimeondoka pamoja na papi zake. Kiungo kilichoshindwa ni kati ya papi na kenchi. Ya tatu, hakuna kitu juu ya ukuta. Paa limeng'oka zima, na mbao ya juu ya ukuta imekwenda nalo au imebaki na matundu matupu, kwa sababu hapakuwa na mikanda ya chuma ya kuifunga kenchi kwenye ukuta.

Nyumba ya kwanza inahitaji bati nzito na misumari ya kutosha. Ya pili inahitaji pia viungo. Ya tatu inahitaji mikanda, na pengine mkanda wa zege juu ya ukuta kabla ya bati hata moja kununuliwa. Ukizipelekea zote tatu bati sawa na misumari sawa, kimbunga kijacho kitalichukua paa la tatu vilevile kama lilivyokwenda hili. Uharibifu ni mmoja kwa macho, mahitaji ni matatu. Kwa hiyo sasa fomu ina swali la picha: "Paa lilipoondoka, nini kilibaki?" na kadi tatu za kulinganisha.

6 Aprili 2025: Jengo si kaya

Kwenye moja ya bahasha, mama aliyekuwa anaigiza mwenye nyumba alimkatiza mkaguzi: "Mwanangu, paa hilo si langu. Mimi nimepanga chumba, na humu tuko familia tatu." Fomu haikuwa na mahali pa kuandika hilo. Ikasajili jengo moja, kaya moja, mmiliki mmoja.

Sasa ni fomu mbili zinazounganishwa na namba moja: ya jengo, inayojazwa mara moja, na ya kaya, inayojazwa kwa kila kaya iliyokuwa ikilala pale usiku wa kuamkia kimbunga. Mpangaji ana mahitaji yake hata kama paa ni la mtu mwingine, maana mwenye nyumba akilitengeneza anaweza kupandisha kodi au kumtoa.

Hati ya umiliki tumeiondoa kabisa kwenye masharti. Puerto Rico, baada ya Maria, maombi mengi ya msaada wa nyumba yalikataliwa na mamlaka ya serikali kuu ya Marekani kwa sababu waombaji hawakuwa na hati, ingawa walikuwa wameishi pale kwa miaka mingi, wengine katika nyumba za urithi. Utaratibu ulilegezwa mwaka 2021, miaka minne baadaye. Barbuda ardhi kwa desturi ni ya wote, kwa hiyo kudai hati ya mtu binafsi huko ni kuuliza kitu ambacho hakipo. Fomu yetu inauliza nani alikuwa analala hapa, na jirani gani anaweza kuthibitisha. Inatosha kwa turubai, maji na chakula. Mambo ya umiliki yashughulikiwe baadaye, na watu wenye mamlaka ya kuyaamua.

27 Aprili 2025: "Una boti?"

Swali la riziki lilikuwa fupi: una boti, shamba au duka? Tulipolinganisha na bahasha, kaya nyingi za wavuvi zilitoka zikiwa hazijapoteza chochote. Sababu ni kwamba baharia anayevua kwa mgawo hana boti. Mwanamke anayenunua samaki ufukweni na kuwakaanga hana boti. Kijana anayebeba barafu hana boti. Chombo kimoja kikizama, kaya kadhaa zinakosa kula, na fomu iliiona moja tu.

Swali jipya: "Kabla ya kimbunga, nini kilileta pesa kwenye kaya hii? Leo kinaleta?" Baada yake: "Kimezuiwa na nini?" Majibu ya hili la mwisho yametusaidia kuliko yote. Mara nyingi si boti. Ni injini iliyomeza maji ya chumvi, ambayo ikioshwa kwa maji baridi (yasiyo na chumvi) na kufunguliwa mapema inaweza kuokolewa, na ikiachwa wiki chache inakufa kwa kutu. Ni gati lililovunjika. Ni umeme wa kugandisha barafu. Tumeiwekea injini alama ya haraka, ionekane siku hiyohiyo.

18 Mei 2025: Visima

Tulidhani sehemu ya maji itakuwa nyepesi: watu wangapi, lita 15 kwa mtu kwa siku kama kiwango cha chini cha Sphere, mwongozo wa kimataifa wa misaada ya dharura, kinavyosema, basi. Hesabu ni sahihi, ila inaacha swali la maji yatoke wapi.

Kwenye visiwa vya chini maji baridi ya ardhini hukaa juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya maji, kwa tabaka jembamba. Bahari ikipanda nchi kavu, chumvi inaingia kisimani kutoka juu. Watu hukimbilia kuvuta maji yote wasafishe, na ukivuta kwa kasi chumvi ya chini nayo hupanda. Grand Bahama, baada ya Dorian, visima vilivyohudumia sehemu kubwa ya kisiwa vilifunikwa na bahari, na maji ya bomba yakaendelea kuwa na chumvi muda mrefu.

Mwanzoni fomu iliuliza kama maji "yana ladha ya chumvi". Wazee walisema hapana na watoto walisema ndiyo, kwa kisima kilekile. Sasa kila timu ina kipima chumvi cha mkononi, na kisima kina fomu yake yenye namba, tarehe na kipimo. Kipimo kimoja hakifai kitu. Unataka kuona namba ikishuka mvua zikinyesha. Mwongozo unasema wazi: ondoa takataka, vuta polepole, pima, subiri.

8 Juni 2025: Nyumba tupu, na duru ya pili

Kimbunga Irma kilipiga Barbuda tarehe 6 Septemba 2017, na siku chache baadaye wakazi wote walihamishiwa Antigua kwa sababu kimbunga kingine, Jose, kilikuwa njiani. Mkaguzi anayegonga milango ya kisiwa kitupu anapata nini?

Tuliweka bahasha tupu kwenye baadhi ya milango. Wakaguzi waliandika "hakuna mtu", wakaendelea, na jedwali likasoma mahitaji sifuri. Ndiyo kusema walioumia hadi kuhama wakawa ndio wasiohitaji kitu. Marekebisho ni mawili. Nyumba isiyojibiwa sasa ina hali yake, "haijajibiwa", na haiwezi kuingia kwenye jumla yoyote. Na kuna fomu ya kambi na ya kaya zilizopokea wageni, ambayo inauliza jina la eneo mtu alikotoka na alama ya karibu, ili kaya irudishwe kwenye jengo lake.

Duru ya pili, yaani kuzirudia kaya baada ya ukaguzi wa kwanza, imeongezwa kwa sababu ya Puerto Rico. Idadi rasmi ya vifo ilibaki 64 kwa miezi mingi. Mwaka 2018 utafiti wa Chuo Kikuu cha George Washington ulikadiria vifo 2,975 vya ziada kati ya Septemba 2017 na Februari 2018. Wengi wa watu hao hawakuuawa na upepo wa siku ile. Nikifikiria kwamba mtu alinusurika kimbunga, akahesabiwa kuwa salama, kisha akafa kwa kukosa umeme au dawa, siwezi kukubali fomu inayopita mara moja tu. Tunauliza nani anategemea insulini, oksijeni, kusafishwa damu au dawa ya kila siku, na dawa iliyobaki ni ya siku ngapi. Kaya hizo zinarudiwa kwanza.

Zoezi la kurudi lilikwama kwenye kuzipata nyumba. GPS ya simu inakosea mita kadhaa, na nyumba zilizobanana zinabadilishana. Timu moja ikapaka rangi ya daraja mlangoni pamoja na namba. Wakazi walipinga, na walikuwa na haki: alama nyekundu mlangoni watu huisoma kama amri ya kubomoa, na mwenye nyumba anaweza kuanza kuwatoa wapangaji. Sasa ukutani inaandikwa namba peke yake. Rangi inabaki ndani ya simu.

29 Juni 2025: Bei, majina, na kusomewa hesabu

Bei: kila kifaa kina safu mbili, bei ya kabla ya kimbunga na bei ya kukifikisha kijijini, pamoja na meli, boti ndogo na kushusha mzigo. Uharibifu unahesabiwa kwa ya kwanza, mahitaji kwa ya pili. Bila hivyo bajeti inaishia bandari kuu.

Majina: orodha ya zoezi, yenye namba za simu na taarifa za wagonjwa, ilitumwa kwenye kundi la WhatsApp kwa nia njema ya kuharakisha kazi. Ilikuwa ya kubuni, lakini ingekuwa ya kweli isingerudishika. Sasa taarifa za afya ziko faili tofauti, wanaoifungua ni wawili, na kundini hakupiti kitu zaidi ya idadi kwa eneo.

Gharama: programu ni bure. Pesa ilikwenda kwenye kadi za karatasi isiyolowana, pawabenki, vipima chumvi, nauli na chakula cha wakaguzi. Kilichotugharimu zaidi ni muda wa kusafisha data. Mwanzoni kila saa ya kukusanya ilidai karibu saa nzima ya kusafisha. Ilipungua tulipoacha majibu ya kuandika na kuweka ya kuchagua, na timu zikawa zinapitia kazi zao jioni ileile kabla ya kutuma.

Jambo la mwisho tulilojaribu ni mkutano. Tuliwasomea wakazi hesabu za mtaa wao, bila majina: majengo mangapi, kaya ngapi, mangapi hayajajibiwa. Ndani ya dakika chache walitutajia uchochoro mzima ambao timu haikuingia, kwa sababu mlango wake uko nyuma ya nyumba nyingine na kwenye picha ya setilaiti unafunikwa na miti. Mkutano huo sasa ni hatua ya lazima, na hesabu haitoki nje ya kijiji kabla haujafanyika.

Linalofuata ni toleo la karatasi pekee, kwa kisiwa ambacho simu zote zimezima, na kadi za sauti kwa wakaguzi wasiosoma kwa wepesi. Bahasha za zoezi hilo zinaandikwa sasa.